Subaru ya Mzazi wa Kasikeu

Safari ya Kasikeu ni safari mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa: malori ya makontena yaliyofuatana, mabasi yanayotaka kuyapita yote kwa mkupuo mmoja, na miteremko ya Salama ambako wenyeji wengi wana jina la mtu waliyempoteza. Ya pili huanza Sultan Hamud, mji uliorithi jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja enzi za ujenzi wa reli. Hapo malori yanaendelea na safari yao kuelekea Emali na Makindu, nawe unakata kuingia ndani, na njia nyingi za kumfikisha mtu kwao ni za udongo. Kiangazi ni vumbi na makorongo. Vuli ikianza Oktoba au Novemba, mvua ambayo mkulima wa Ukambani huitegemea kuliko masika, njia zilezile huwa utelezi mtupu, na mito ya mchanga iliyokaa mikavu kwa miezi hushuka ghafla.

Tumchukue mzazi wa kawaida wa wadi hii ya eneobunge la Kilome. Kazi iko Nairobi au Machakos, nyumbani ni Kasikeu. Mtoto mmoja yuko bweni Mukaa, mwingine yuko Precious Blood Kilungu huko milimani, wa tatu bado hufungwa mkanda na mamake. Kuna nyanya wa kupelekwa kliniki, kuna harambee, kuna gunia la ndengu la kurudi nalo mjini. Pesa ni za gari moja. Na mzazi huyu, tuseme ukweli, hajazeeka moyoni. Hataki gari la kusinzia usukani. Anataka sedani yenye nguvu, yenye buti la kufungwa, inayoshika barabara kwenye kona, inayovuta kwa magurudumu yote manne matope yakitokea, tena isiyomlaza garaji kila mwezi.

Akiuliza barazani, jibu atakalopewa ni jina moja: Subaru. Jibu hilo lina sababu zake, na lina mitego yake.

Mapenzi ya Wakenya kwa sedani za aina hii yalianzia kwenye Mbio za Safari. Mwaka 1993 Subaru ilileta kigari cha sisi 660, Vivio, nacho kikachekwa na kila aliyekiona kikiwa kimepangwa pamoja na magari ya mashindano. Patrick Njiru akakifikisha mwisho, nafasi ya 12. Mwaka uliofuata, 1994, Njiru huyohuyo akamaliza wa nne kwa jumla akiendesha Impreza WRX, sedani ya milango minne ambayo kwa sura ilikuwa ndugu wa gari ambalo mwalimu mkuu angeweza kuliegesha nje ya ofisi. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akaishinda ya 2000 kwa Impreza. Mitsubishi Lancer, sedani nyingine ya magurudumu manne, ilishinda 1996 na 2001 mikononi mwa Tommi Mäkinen. Mtoto aliyesimama kando ya barabara miaka ile, vumbi likimjaa puani, leo ndiye mzazi anayetafuta gari.

Lakini historia hiyohiyo ina ukurasa ambao mabroka hawausomi. Audi ilikuja Safari na Quattro yake ya magurudumu manne mwaka 1983 na 1984, wakati ambapo Ulaya teknolojia hiyo ilikuwa imewatia hofu wapinzani wote. Haikushinda. Safari za 1984, 1985 na 1986 zilichukuliwa na Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, gari ambalo kwa maumbile halikuwa na ujanja wowote isipokuwa kwamba halikuvunjika. Ilibidi ifike 1987 ndipo Hannu Mikkola akashinda kwa Audi 200 Quattro, na hapo gari la magurudumu manne likatwaa Safari kwa mara ya kwanza. Lilikuwa sedani kubwa, nzito, ya kifamilia. Kwa hiyo mwenye kutaka kutumia Safari kama ushahidi ausome wote. Miaka mitatu mfululizo barabara zetu zilimtuza asiyevunjika kabla ya kumtuza mwenye magurudumu manne.

Magurudumu manne kuvuta pamoja kuna faida halisi, na sitaki kuibeza. Unapoondoka kwenye mwinuko wa udongo mwekundu uliolowa, nguvu ya injini inagawanywa kwa matairi manne badala ya mawili, na gari linapanda pale ambapo Toyota Fielder ya jirani inazungusha tairi mahali pamoja. Kwenye lami iliyolowa, ukitoka polepole kona, gari linatulia. Faida zinaishia hapo. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na kila gari duniani, hata lile la bei rahisi kabisa, husimama kwa magurudumu yake yote. Dereva wa Subaru anayeshuka Salama kwa kasi kwa sababu “hii ni fowili” anategemea kitu ambacho hakimsaidii akikanyaga breki. Wala magurudumu manne hayavuki mto. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi ni zito kuliko sedani yoyote utakayonunua. Injini ya Subaru tena imelala chini na kwa upana, na maji yakivutwa na njia ya hewa, injini imekwisha. Mto ukijaa, unasubiri. Watu wa Kasikeu wanalijua hilo. Wajukuu wao waliokulia Nairobi ndio wa kuambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni zito kuliko hayo yote kwa njia za kwetu, nalo ni urefu wa tumbo la gari kutoka ardhini. Impreza G4 ina milimita 130. WRX S4, ile sedani ya kasi, ina 135. Legacy B4 ina 150. Forester, ambayo si sedani, ina 220. Ukiyaweka matumbo hayo juu ya njia iliyochimbwa na matrekta ya mchanga na mvua mbili mfululizo, utaona kwamba sedani ya magurudumu manne inaweza kukaa juu ya tuta la katikati huku matairi yote manne yakizunguka hewani kwa utulivu. Mzazi ambaye njia yake ya kufika lango la boma ina makorongo ya goti asome tarakimu hizo mara mbili. Huenda anachohitaji ni Forester, na ndoto ya sedani aiache. Mwenye lami hadi karibu na nyumbani, au njia ya changarawe inayosawazishwa na kaunti mara kwa mara, anaweza kuendelea.

Sheria ya Kenya nayo inachagua kabla yako. Kwa kiwango cha shirika la viwango, KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko litokako, na usukani lazima uwe kulia. Kwa anayeagiza mwaka 2026, maana yake ni magari ya 2019 kuja juu. Kisha zije kodi: ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa injini ya petroli iliyozidi sisi 1,500, VAT asilimia 16, na ada nyingine ndogondogo, kila moja ikihesabiwa juu ya mgongo wa mwenzake. Jambo ambalo wengi hawajalitambua ni kwamba Subaru iliacha kuuza Legacy B4 nchini Japani mwaka 2020. Mwaka hadi mwaka dirisha linafungwa, na baada ya 2027 hakutakuwa na Legacy B4 ya kuagiza kihalali kutoka huko. Mark X ya Toyota ilikoma kutengenezwa Desemba 2019. Sedani hizi zinageuka kuwa mali ya soko la ndani, zinazopita kutoka mkono wa Mkenya mmoja hadi wa mwingine, na ndiyo maana swali la nani aliimiliki kabla yako linazidi kuwa zito kuliko swali la gari gani.

Tuanze hata hivyo na gari gani.

Legacy B4 ya mwisho, iliyotoka Oktoba 2014 hadi 2020, ndiyo ningemwelekeza mzazi kwanza. Injini yake ni ya sisi 2,500 isiyo na tabo, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, ina nafasi ya watoto watatu nyuma bila vita, na zote zilizouzwa Japani zinavuta kwa magurudumu manne. Haina papara. Atakayetaka gari la kumrusha kitini ataiona baridi. Kwangu mimi hiyo ni sifa, hasa ukikumbuka kwamba mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari la kibinafsi barabara kuu ni kilomita 110 kwa saa.

Legacy iliyotangulia, ya 2009 hadi 2014, ni ya bei nafuu na imejaa sokoni, ila uangalie mwaka. Kabla ya katikati ya 2012 ilikuja na injini ya kizazi cha EJ yenye mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukoo huo wa injini za sisi 2,500 unajulikana dunia nzima kwa kuvuja gasketi ya silinda hedi. Gasketi yenyewe si bei kubwa. Kinachokula pesa ni kuishusha injini nzima ili kuifikia, na fundi atakayeipanga vibaya atakurudisha palepale baada ya miezi michache. Kuanzia 2012 ilikuja injini ya FB, yenye cheni, lakini za mwanzo zilikuwa na tabia ya kunywa oili kupita kiasi, hadi wamiliki wa Marekani wakaishtaki kampuni na kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2016. Si kila moja inakunywa. Dawa ni kupima oili kila ujazapo petroli, jambo ambalo baba zetu walilifanya bila kuambiwa na sisi tumeliacha.

Impreza G4 ni ndogo, ina bei ya kati, na ina mtego ambao nimeona watu wazima wakiingia wakicheka. Si kila Impreza inavuta kwa magurudumu manne. Wajapani waliuza pia zinazovutwa na magurudumu ya mbele pekee, na kwa nje hutazitofautisha. Ukweli uko kwenye namba ya chasi: kwa toleo lililoanza 2016, GK3 ni ya sisi 1,600 ya magurudumu manne na GK7 ni ya 2,000 ya magurudumu manne, GK2 na GK6 ni za magurudumu mawili. Muuzaji atakuapia kwamba “Subaru zote ni fowili”. Mwombe akufunulie boneti usome mwenyewe. Mark X ni vivyo hivyo: zilizojaa barabarani zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwa toleo la mwisho, za magurudumu manne za sisi 2,500 ni zile ambazo namba ya chasi huanza na GRX135. Ukiipata nzima, ni gari tamu, na injini yake ya silinda sita inajulikana na mafundi wengi. Kuipata ndiyo kazi.

WRX S4 nitaitaja kwa kuwa ndiyo mzazi anayoitazama usiku kwenye simu. Injini ya tabo ya sisi 2,000, nguvu farasi 300, giaboksi isiyo na gia za hatua. Ilitengenezwa Japani inywe petroli ya oktani ya juu inayouzwa huko kwenye kila kituo. Super ya kawaida inayouzwa Sultan Hamud haifiki kiwango hicho, na injini ya tabo inayopewa petroli dhaifu huku ikisukumwa kwa nguvu huanza kugonga ndani. Kugonga huko, kimyakimya, huvunja pistoni. Utaambiwa ujaze petroli ya bei ya juu, ile ya kituo maalumu. Sawa, na huko milimani, Nunguni? Na ukiwa umekwama Mukaa Jumapili jioni? Mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na mzazi mwenye karo ya watoto watatu ataijua tarehe hiyo vizuri hata bila tabo. S4 ni gari zuri sana kwa mtu mwenye gari jingine.

Kuhusu Wajerumani nitasema machache. Audi ya quattro, Mercedes ya 4MATIC, BMW ya xDrive: zote ni nzuri zikiwa mpya, na za miaka minane huja kwa bei inayodanganya. Spea moja ya mfumo wa umeme inaweza kuzidi karo ya muhula. Kama fundi wako wa karibu hana mashine ya kuisoma kompyuta ya gari hilo, huna fundi. Na kama unaweza kuishi bila neno “michezo” katika sifa za gari, Toyota Premio ya sisi 1,800 ya magurudumu manne ipo, ingawa adimu, nayo itakusalimu asubuhi kila siku bila malalamiko. Najua hukunitumia kuitafuta hiyo.

Sasa nani alikuwa nalo? Kenya ina kundi la vijana, na wazee wasiokubali uzee, wanaojulikana kama Subaru boys. Wengine wao ni madereva na mafundi hodari wanaolijua gari lao kuliko mtengenezaji. Wengine wamekata ekzosi ili mtaa mzima usikie wanaporudi, wamebadilisha kompyuta ya injini kuongeza mkandamizo wa tabo, wameshusha springi, kisha injini ikianza kutoa moshi wa buluu wakaliosha gari, wakalirudishia ekzosi ya kawaida na kuliweka sokoni. Alama zinabaki. Angalia boliti za ekzosi kama zinang’aa kwenye gari la miaka kumi. Angalia kama tundu limetobolewa kwenye dashibodi lilipokaa saa ya kupimia tabo. Angalia springi kama rangi yake ni ya kiwandani. Gari ambalo limechezewa halifai mzazi hata likiwa nusu bei, kwa sababu aliyelichezea alilisukuma pia, na hakuna cheti kinachoonyesha alilisukuma kiasi gani.

Jina hili lina kivuli kingine, na mzazi anakijua. Magari yasiyo na nembo yaliyotajwa katika habari za watu waliotekwa wakati wa maandamano ya 2024 na baada yake baadhi yalikuwa Subaru. Miaka miwili kabla, Oktoba 2022, kikosi maalumu cha idara ya upelelezi, DCI, kilivunjwa baada ya tuhuma za mauaji na watu kupotea. Sedani nyeusi yenye vioo vya giza inayosimama karibu na lango la shule au soko haitazamwi tu kama gari. Ukinunua, nunua rangi ya kawaida na uondoe giza kwenye vioo. Hata hivyo, polisi wa vizuizi vya barabarani watakuchelewesha kidogo zaidi ya wenye Toyota Vitz.

Kwa ajili ya watoto kuna jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilifilisika mwaka 2017 baada ya kubainika kwamba kifaa chake cha kuupulizia mfuko huchakaa kwa joto na unyevu, na siku ya ajali kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa abiria. Legacy na Impreza nyingi za miaka ya 2003 hadi 2014 zilikuwa nazo. Zilizobaki Japani ziliitwa na watengenezaji zikabadilishiwa bure. Zilizokuwa tayari zimepanda meli kuja Mombasa, nani aliziita? Kwenye tovuti ya mtengenezaji unaweka namba ya chasi na unaambiwa kama kazi ilifanyika. Ni dakika chache, na ni bure. Mtu akikuuzia gari la miaka hiyo bila kujua jibu, hilo ni jibu.

Mambo mengine ya watoto ni mepesi. Sedani za Japani za miaka ya karibuni zina vyuma vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto. Ingiza kidole katikati ya kiti na mgongo wake uvipapase, maana mara nyingine mmiliki wa kwanza aliweka vitambaa juu yake. Vuta kila mkanda wa nyuma mpaka mwisho, uone kama unarudi wenyewe. Mikanda ya nyuma ya magari yaliyotumika hapa nchini mara nyingi imefichwa chini ya kiti kwa sababu hakuna aliyeivaa. Kuhusu EyeSight, ile kamera pacha iliyo juu ya kioo cha mbele inayolipigia gari breki lenyewe, ni msaada mkubwa barabara kuu, ila kioo kikipasuliwa na jiwe la lori, na kitapasuka, kioo kipya kinataka kamera zipangwe upya. Muulize muuzaji kama kioo ni cha asili. Akisema kimebadilishwa, muulize nani alizipanga kamera. 

Siku ya kwenda kuliangalia, fika asubuhi na uombe lisiwashwe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa moto, mtu alikuwa anaficha jinsi linavyoamka. Injini ya Subaru iliyolala ina sauti yake ya kuguruma kidogo ikiwa baridi, kisha hutulia. Ikigonga kama inayopigwa kwa nyundo ndogo na isitulie, ondoka. Fungua tanki dogo la maji ya rejeta kabla halijapata joto. Utando wa mafuta juu ya maji, au mapovu yanayopanda injini ikiwa inazunguka, ni gasketi ile niliyoisema. Kisha mwombe mwenye gari mwende mlimani. Kuna milima mingi ya kuchagua: panda kuelekea Kilungu polepole, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ukitazama mshale wa joto. Yadi ya Nairobi iko kwenye tambarare na gasketi inayovuja inaweza kukaa kimya huko kwa siku nyingi. Mlimani haikai kimya.

Baadaye tafuta uwanja wa lami mkavu, hata wa kituo cha mafuta ukiruhusiwa, ukate usukani mpaka mwisho na uendeshe polepole ukizunguka duara dogo. Gari la magurudumu manne lenye afya litazunguka laini. Likijivuta, likiruka kidogokidogo kama lililoshikwa breki, klachi ya kugawanya nguvu kati ya mbele na nyuma inakufa. Mara nyingi kilichoiua ni matairi. Subaru husisitiza kwamba tofauti ya mzunguko kati ya matairi manne isizidi yapata milimita 6. Mwenye gari aliyebadilisha matairi mawili mapya mbele na kuacha mazee nyuma kwa sababu pesa ziliisha, alikuwa akiulazimisha mfumo mzima kufanya kazi kila sekunde ya safari, hata kwenye lami iliyonyooka. Kwa hiyo tazama matairi yote manne: kampuni moja, saizi moja, kina kimoja cha meno. Yakitofautiana, usifikirie bei ya matairi pekee. Fikiria umri wa klachi, na siku moja tairi litapasuka Kiboko, na itakubidi ununue manne.

Giaboksi isiyo na gia za hatua inahitaji oili yake maalumu. Vitabu vingine husema haibadilishwi maisha yote, na vitabu hivyo viliandikwa na watu wa nchi baridi. Kwa joto la barabara ya Mombasa na kupanda Kilungu na mzigo, mafundi wazuri hubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Muulize mwenye gari lini alibadilisha na kwa oili gani. Asiyejua kuna oili maalumu amejibu.

Mpeleke fundi wako mwenyewe, umlipe ada yake. Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, ina mafundi wasiofanya kazi nyingine isipokuwa Subaru, na spea za kila umri ziko maduka ya jirani. Ni sababu kubwa ya kuchagua gari hili kuliko Audi. Lakini Grogan iko zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwako. Jua pia ni nani Sultan Hamud au Emali anayeweza kulishika gari hili siku ya dharura bila kubahatisha. Kutoa plagi tu katika injini iliyolala ubavu si kazi ya kila mtu mwenye spana.

Makaratasi ni ya baridi lakini yana uzito. Gari likitoka Japani, omba karatasi ya mnada: alama ya 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 ina maelezo, herufi R maana yake liligongwa na likatengenezwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa humo na za dashibodi. Likiwa la hapa nchini, tafuta rekodi yake kwa mamlaka ya NTSA kupitia eCitizen kabla hujalipa hata shilingi, uone jina la mmiliki na kama kuna benki au sako inayolidai. Mwenye jina kwenye rekodi awe ndiye anayekubali kuhamisha umiliki, na uhamishwe mkiwa mmekaa pamoja, si “Jumatatu nitakutumia”. Uliza kampuni ya bima mapema bei ya bima kamili ya gari hilo. Jibu linaweza kubadilisha uamuzi. Na kama una kijana anayekaribia miaka 18, umri ambao sheria inamruhusu leseni, iambie kampuni hiyo ya bima jina lake waziwazi.

Wakati huu wote broka atakuwa amesimama kando akitazama saa. Atakuambia kuna mtu yuko njiani kutoka Machakos na pesa taslimu, na kwamba gari la aina hii halikai sokoni hata siku mbili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na gari hili limekuwa likijitembeza tangu asubuhi. Mwambie ampigie huyo wa Machakos amharakishe. Wewe bado hujapanda mlima.